Mwiko

Alinikuta Kibokoni, nimeegemeza sikio ukutani kwa watu,
nagonga kwa kifundo cha kidole
nijue wapi chokaa imeachana na jiwe.
Kijana mrefu, kanzu nyeusi, jasho la saa nane mchana.
Shemasi Nektari Amugune, akasema.
Wana kanisa dogo Mikindani, pale kilimani,
naye anatafuta chokaa iliyolala.

Iliyolala.
Neno hilo sikuwa nimelisikia
tangu tumzike baba.

Akatoa picha, pembe zimejikunja:
kanisa la mawe mgongoni mwa mlima wa mbali,
lina miaka mia nane, theluji imefika dirishani.
Na picha ya ndani: ukuta mzima ni watu,
bega kwa bega, kama wanaongoja kuitwa majina,
nguo za rangi ya kutu, na nili, na majani makavu,
nyuma ya kila kichwa sahani ya dhahabu.
Ila wale wa safu ya chini hawakuwa na macho.
Vishimo vyeupe tu.

Nikauliza, maadui?
La, Fundi Shee. Wagonjwa.
Wanawake wa vijiji vya bondeni walipanda usiku
na visu vya jikoni,
wakakwangua macho ya watakatifu,
wakaloweka lile vumbi,
wakawaosha nalo waliokuwa hawaoni.

Sikumjibu.
Nilikuwa kwa mama, Bi Mwanamize,
na lile wingu jeupe la mato yake,
na kombe aliloandikiwa kwa zafarani,
aya zimeoshwa kwenye sahani, maji ya manjano
akayanywa yote, akalamba na mdomo.
"Naona kidogo, mwanangu."
Alikuwa akitazama mlango, mimi niko dirishani.

Shimo la baba lipo bado, nyuma ya jiko,
chini ya bati na magunia na paka wa jirani.
Matumbawe aliyachoma yeye, kabla haijakatazwa,
akayazimisha kwa maji ya kisima, akafunika,
akaniambia, hii si yako, ni ya atakayeijua.
Miaka ishirini na mitatu.
Nilipofunua, ilikuwa laini kama malai.

Kaka yangu Athmani akasema: Shee, kuwapakia ukuta wa masanamu!
Huo ni mwiko.
Nikamwonyesha niliokuwa nao mkononi,
mpini umelika pale pa gumba la baba.
Hakucheka.
Na mimi, ukinishika kweli, sikucheka sana.
Nikapatana na nafsi yangu:
ukuta wangu, sura zake,
na kabla hajafika puani nitakuwa nje, naosha ndoo.

Chokaa mbichi hunywa rangi. Ikikauka, huitema.
Basi unapaka kipande cha siku moja tu,
na Mombasa jua halikupi siku, linakupa asubuhi.
Tulianza kabla ya adhana ya alfajiri,
madirisha tumeyatundikia magunia ya maji,
yeye na brashi ya nywele za punda, mimi na mwiko.
"Bado, fundi?"
Nabonyeza kwa kidole. Bado.
"Bado?"
Fanya upesi.

Wiki sita. Nikawajua kwa miguu yao, kwa mapindo ya nguo.
Juu ya mabega sikutazama,
ila mara moja, mzee mmoja aliyefanana na mwashi wa Makadara
aliyekufa na deni langu.

Siku ya mwisho ikabaki safu ya chini.
Shemasi alikwisha kupiga mstari wa kamba.
Nikamwambia, shusha.
Akashusha. Nikamwambia, shusha tena,
mwanamke mfupi afike bila kupanda kiti.
Akanitazama muda mrefu.
Kisha akafuta mstari kwa kiganja.

Nikachota, nikapaka, nikalainisha,
nikatoka nje na ndoo yangu.
Hakuniuliza, nami sikumwambia:
pale yatakapokaa macho
nimepaka nene, kidole kizima.